Nani Amepima? Ushauri Huru wa Kisayansi na Chakula Tunachokula

Asubuhi moja ya kaskazi, soko la samaki la hapa Lamu, lile la pembeni mwa Ngome, liliamkia kwenye ujumbe wa sauti. Mwanamume asiyejitaja jina alikuwa akizunguka kwenye simu za watu tangu alfajiri: jodari wanaoletwa mjini wametiwa fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, watu wasinunue. Kufika saa tatu, ambaye hakuwa ameusikia alisikilizishwa. Jodari saba walikuwa wamelazwa juu ya saruji, ngozi yao bado inang'aa, na mwenyewe amesimama nyuma yao na kisu mkononi, hana wa kumkatia. Mama mmoja aliinua shavu la samaki, akatazama matamvua, akanusa vidole vyake, akatikisa kichwa, akaenda zake kununua mbaazi.

Mtu pekee niliyemsikia akiuliza la maana siku ile ni mvuvi mzee, ami aliyekuwa ameketi kando akishona jarife, wavu wake. Alisema maneno mawili tu: "Nani amepima?"

Hakuna aliyemjibu. Jodari wakakaa pale hadi saa nane mchana bila barafu, nusu juani nusu kivulini, kisha wakauzwa kwa bei ya kutupa. Jioni, mtaani kwetu, nyumba mbili zilikuwa na watoto waliovimba nyuso kwa wekundu, midomo inawawasha, vichwa vinawagonga. "Si mliambiwa ni fomalini!" watu wakasema, na habari ikafungwa hapo.

Mimi haikunifungika. Nitaeleza chini kwa nini naamini kilichowapata watoto wale hakikuwa fomalini, na kwa nini siwezi kuapa. Lakini kwanza swali la yule ami, kwa sababu ndilo swali ambalo nchi nyingi zimelipia kwa uhai wa watu kabla ya kulipatia jibu. Chakula kikishukiwa, nani anapima, nani anaamua, na kwa nini watu hao wawili wasiwe mtu mmoja?

Mwamba, maji na chombo

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Tukisema "hatari" huwa tunachanganya mambo mawili. La kwanza ni kile kitu chenyewe kinachoweza kudhuru: kuvu, kemikali, bakteria, mfupa. La pili ni uwezekano wa kitu hicho kukudhuru wewe, kwa kiasi unachokula, kwa umri na afya uliyo nayo.

Watu wa bahari wanaijua tofauti hii kuliko wengi. Mwamba ulio chini ya maji ni mwamba usiku na mchana. Lakini mtumbwi hupita juu yake maji yamejaa na usiuguse, na jahazi lililosheheni boriti hupasukia hapo hapo maji yakitoka. "Pana mwamba?" ni swali moja. "Chombo changu, na shehena hii, kwa maji ya saa hizi, kitaugonga?" ni swali lingine kabisa.

Tarehe 14 Julai 2023 ulimwengu mzima ulichanganyikiwa kwa kutojua tofauti hiyo. Siku hiyo taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilisema aspartamu, ile sukari bandia ya kwenye soda zisizo na sukari, "huenda" inaweza kusababisha saratani. Siku hiyo hiyo kamati nyingine ya wataalamu, inayoitwa JECFA, ambayo shirika hilo huiendesha pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1956, ikasema kiwango cha zamani kibaki palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Watu wakasema wataalamu wanagombana. Hawakuwa wakigombana. Wa kwanza aliulizwa kama upo mwamba, akajibu huenda upo, ushahidi ni mchache. Wa pili aliulizwa kina cha maji. Kwa hesabu iliyotolewa siku ile, mtu mzima wa kilo 70 angehitaji kunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 ya soda hiyo kwa siku ndipo avuke mpaka, ikiwa hapati aspartamu kwingine.

Rubani na nahodha

Siku hizi ukisema rubani watu wanafikiria ndege. Zamani rubani alikuwa mtu wa majini: ndiye anayejua mkondo na mafungu ya mchanga, ndiye anayeshusha bildi kupima kina. Nahodha ndiye mwenye amri. Rubani anasema, "Hapa pana kina cha pima mbili, na maji yanatoka." Nahodha anaamua kupita, kungoja, au kuzunguka. Huenda ana mgonjwa chomboni na hawezi kungoja. Huo ni uamuzi wake, na ataulizwa yeye.

Nyuma yao yuko mtu wa tatu: tajiri, mwenye mali, anayetaka shehena ifike kesho.

Kwenye chakula, kazi ya rubani inaitwa tathmini ya hatari. Wanasayansi wanauliza: kuna nini humu, watu wanakila kiasi gani, nani ataumia, tuna uhakika gani? Kazi ya nahodha inaitwa usimamizi wa hatari: kupiga marufuku, kuweka kiwango, kuandika onyo kwenye pakiti, au kuacha. Hapo huingia bei, ajira, mila, siasa, na ni haki viingie. Ushauri huru wa kisayansi maana yake ni hii tu: rubani asiwe analishwa na tajiri ili aseme maji ni ya kina, wala asifukuzwe na nahodha kwa kusema ni haba. Na alichokisema kiandikwe mahali ambapo mabaharia wote wanaweza kukisoma.

Uhuru huo haumpi rubani usukani. Wengi hukosea hapa, wakidhani tunaotetea sayansi huru tunataka wataalamu watawale. Mwanasayansi hakuchaguliwa na mtu. Akisema "chakula hiki kitadhuru mtu mmoja kati ya milioni" amemaliza kazi yake. Kama mmoja kati ya milioni ni wengi au ni wachache, hilo ni letu sote.

Uingereza ilivyojifunza

Waingereza walikuwa na maabara, vyuo na fedha, na bado walizama kwenye jambo hili. Kichaa cha ng'ombe kilitambuliwa huko mwaka 1986. Ng'ombe walikuwa wakitetemeka na kuanguka, ubongo umetoboka kama sifongo, kwa sababu ya kulishwa unga wa nyama na mifupa ya mizoga ya wenzao. Swali likawa: je, mtu akila nyama hiyo?

Kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali ilitoa ripoti mwaka 1989. Ilisema uwezekano wa ugonjwa kumpata binadamu ni mdogo sana. Lakini ilisema na jambo la pili: kama makadirio yetu si sahihi, matokeo yatakuwa mabaya mno. Nusu ya kwanza ikabebwa kwenye kila hotuba. Nusu ya pili ikaachwa kwenye karatasi. Mwaka 1990 waziri wa kilimo alisimama mbele ya kamera, akampa binti yake mdogo baga ya nyama ya ng'ombe ili nchi ione kwamba hakuna shida.

Wizara ile ile iliyotakiwa kumlinda mlaji ndiyo iliyotakiwa kumsaidia mfugaji auze. Nahodha na tajiri walikuwa wamevaa kanzu moja, na rubani anakaa nyumbani kwao. Mwezi wa Machi 1996 serikali ikatangaza bungeni kwamba ugonjwa mpya wa ubongo uliokuwa ukiwaua vijana huenda umetokana na nyama hiyo. Hadi leo Uingereza imehesabu vifo 178.

Uchunguzi mkubwa uliomalizika mwaka 2000 haukusema serikali iliwadanganya watu kwa makusudi. Ulisema jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi: viongozi waliogopa sana kuwatia watu hofu, wakawatuliza kupita kiasi, na ukweli ulipotoka watu wakahisi wamesalitiwa. Mwaka huo Uingereza ikaanzisha wakala wa viwango vya chakula ulio nje ya wizara ya kilimo. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ukaanzisha EFSA, mamlaka yenye makao yake mjini Parma, Italia, ambayo kazi yake ni ya rubani peke yake. Haipigi marufuku chakula chochote. Inapima, inaandika, inachapisha, na wanasiasa wa Brussels ndio wanaoamua.

Jodari na namba 200

Sasa turudi kwa jodari wetu. Nyama ya jodari, kama ya nguru na vibua, ina kiungo cha asili kiitwacho histidini. Samaki akifa na akabaki kwenye joto, bakteria hukigeuza kiungo hicho kuwa histamini, kitu kile kile ambacho mwili hukitoa mtu anapopatwa na mzio. Ndiyo maana anayekila husikia mdomo unawasha, uso unakuwa mwekundu na moto, kichwa kinagonga, tumbo linasokota, dakika chache hadi saa kadhaa baada ya kula. Kwa wengi hupita ndani ya siku moja. Anayebanwa pumzi apelekwe hospitali mara moja. Linalopaswa kujulikana na kila mpishi ni kwamba histamini haitoki kwa kukaanga, haitoki kwa kuchemsha, haitoki kwa ndimu wala kwa kugandisha. Ikishaingia imeingia. Na samaki anaweza kuwa nayo kabla hajanuka.

Dalili za watoto wale zinafanana na histamini kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Lakini hakuna aliyepima, na yule samaki alishaliwa. Ndiyo maana nasema siwezi kuapa.

Mwaka 2012 mashirika yale mawili ya Umoja wa Mataifa yaliwaita wataalamu kuhusu jambo hili hili. Walikusanya kumbukumbu za watu waliougua na majaribio yaliyokwisha fanywa, wakafikia kwamba mtu mwenye afya akipata histamini miligramu 50 kwa mlo mmoja haonyeshi dalili. Kisha wakauliza watu hula samaki kiasi gani kwa mkao mmoja. Wakachukua gramu 250, kipande kikubwa, ili wasiwasahau wanaokula sana. Gawanya: miligramu 50 ndani ya robo kilo ni miligramu 200 kwa kilo nzima. Namba hiyo ya 200 ndiyo inayotajwa leo kwenye viwango vya kimataifa vya samaki wa jamii hiyo. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifuata hesabu yake, na hivyo ndivyo ushauri mzuri unavyotakiwa kuwa. Ukitilia shaka, unajua pa kuushika: je, kwetu watu hula robo kilo, au wakati wa jodari wanakula zaidi?

Sayansi yake inaishia hapo, na kazi ya nahodha inaanza. Mvuvi wa Kizingitini au Kiwayu anavua usiku, barafu iko mbali, mashua inachukua saa nyingi kufika mjini na jua linapanda. Mtaalamu anaweza kumwambia samaki akae kwenye barafu, chini ya nyuzi 4, tangu anapotolewa majini. Hawezi kusema nani alipie barafu. Hawezi kusema kama kaunti ijenge mtambo au impige faini mvuvi. Nimewahi kumsikia ofisa akiwaambia wavuvi "sayansi imesema" wakati alichokuwa anasema ni kwamba hakuna bajeti. Maneno ya namna hiyo huichafua sayansi machoni pa watu ambao hawakuwahi kuisoma hata mstari mmoja.

Ushauri huru vilevile humlinda muuzaji, jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mwishoni mwa mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba halijaona mlipuko mkubwa wa kipindupindu uliotokana na chakula kilichoingizwa kibiashara. Zuio likaondolewa katikati ya 1998, lakini miezi hiyo viwanda vya samaki vilisimama na watu wa Ziwa Victoria walikosa kula kwa ajili ya mwamba ambao haukuwepo njiani.

Unga

Unga ndio unaowachanganya watu kuliko samaki, kwa sababu kila nyumba inao. Unaletwa kwa lori hadi Mokowe, unapakiwa mashuani, unafika dukani, na siku moja unasikia redioni kwamba aina fulani imesimamishwa. Novemba 2019 KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, lilisimamisha aina tano za unga wa mahindi kwa mpigo kwa sababu ya sumukuvu, ile ambayo wengi wanaiita aflatoksini. Baadaye unga ukarudi madukani, na watu wakauliza: ulikuwa na sumu au haukuwa nayo?

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu anayeota kwenye mahindi na njugu zisizokauka vizuri. Si hadithi ya magazeti. Mwaka 2004, Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yao wenyewe, waliyoyalima na kuyahifadhi nyumbani. Hayo yalikuwa mahindi yenye sumu nyingi mno. Kiasi kidogo hakiui leo. Hukaa kikifanya kazi kwenye ini miaka na miaka, na kinaweza kuleta saratani.

Kiwango cha Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni. Ili uione, chukua muda: sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Sehemu 10 kwa bilioni ni sekunde 10 ndani ya miaka hiyo yote. Ndicho kinachotafutwa kwenye gunia.

Na hapo ndipo unga uleule unapoweza kufaulu leo na kuanguka kesho bila mtu kuhonga mtu. Kuvu haenei sawasawa. Punje moja kati ya maelfu inaweza kubeba sumu ya gunia zima. Ni kama karafuu kwenye sufuria ya pilau: upawa mmoja unatoka na karafuu tatu, wa pili hauna hata moja, na pilau ni ile ile. Kwa hiyo vipimo viwili vikipingana, la kuuliza kwanza ni sampuli ngapi zilichukuliwa, kutoka pembe ngapi za lori, na zilichanganywa vipi. Kimoja kilichochotwa juu ya gunia la kwanza hakikwambii kitu, kiwe kimetoka safi au kichafu.

Lipo na swali lingine ninaloulizwa mara nyingi: kwa nini Ulaya kiwango cha nafaka za kula ni 4 na kwetu ni 10, sisi si watu? Linastahili jibu la kweli. Ulaya mahindi ni chakula cha kando, kwa hiyo kukaza kiwango hakuwaachi na njaa. Kwetu ni chakula cha kila siku. Ukikaza hadi 4 kesho asubuhi, mahindi mengi yatakosa soko rasmi, na hayatatupwa. Yataliwa na mkulima mwenyewe au yatauzwa usiku bila kupimwa. Nahodha anayeweka 10 huenda amefikiria hayo. Lakini upande wa rubani una neno zito pia: kwa hesabu za JECFA, sumukuvu ina nguvu ya kuleta saratani ya ini takriban mara 30 zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B kuliko asiye navyo, na virusi hivyo Afrika ni vingi kuliko Ulaya. Sisi tunakula zaidi, na tuna ini lililo hatarini zaidi. Kwa hiyo ushauri wa kuazima kutoka Parma haututoshi. Tunahitaji watu wetu wapime tunachokula sisi, kwa kiasi tunachokula sisi, na pamoja na kipimo cha unga wazungumzie chanjo ya homa ya ini na namna ya kukausha mahindi. Naliamini hili kwa moyo wote.

Utafiti mmoja, marufuku ya miaka kumi

Septemba 2012 wanasayansi wa Ufaransa wakiongozwa na Gilles-Éric Séralini walichapisha utafiti wenye picha za panya wenye uvimbe mkubwa, waliolishwa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Picha zile zilitisha dunia. Novemba mwaka huo huo baraza la mawaziri la Kenya likapiga marufuku uingizaji wa vyakula vyote vya namna hiyo. Nchi ilikuwa tayari na sheria ya usalama wa kibiolojia ya mwaka 2009 na mamlaka iliyoundwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuchambua ushahidi.

EFSA iliuchambua utafiti ule na kusema, Novemba hiyo hiyo, kwamba haukupangwa kwa namna inayoruhusu hitimisho lile. Panya kumi tu kwa kila kundi, tena wa aina ambayo hupata uvimbe kwa wingi wakizeeka hata wasipolishwa kitu. Novemba 2013 jarida likauondoa. Waandishi wakauchapisha kwingine mwaka 2014. Marufuku ya Kenya ilibaki hadi Oktoba 2022, na ilipoondolewa watu wakaenda mahakamani.

Simwambii mtu ayapende mahindi hayo. Mtu anaweza kuyakataa kwa ajili ya mbegu, kwa ajili ya bei, kwa ajili ya nani atamiliki shamba, na hizo ni sababu halali za kinahodha. Kinachoniuma ni kwamba miaka kumi tuliambiwa suala ni saratani, na hata siku ya kufungua hatukuwekewa mezani, kwa lugha yetu, kilichopimwa na kilichoonekana. Mlango ulifungwa bila kutuonyesha vipimo na ukafunguliwa bila kutuonyesha vipimo. Mtu atauaminije?

Mambo yanayosemwa sana

Nasikia, "Wote wamenunuliwa." Mwamba ngoma huvutia kwake, na ni kweli kampuni zinazotaka kibali ndizo kwa kawaida hugharamia majaribio ya awali. Wangelipa walipa kodi, tungelalamika pia. Ulinzi uko kwenye namna: mtaalamu atangaze nani amewahi kumlipa, linapojadiliwa jambo linalomhusu atoke chumbani, data ziwe wazi ili hata mpinzani azihesabu upya, na wawe wengi wenye fani tofauti. Ulaya yenyewe imelaumiwa mara nyingi kwa kulegea kwenye hayo, na lawama ndizo zilizoikaza.

Nasikia, "Jana walisema ni salama, leo wamesema si salama, basi walidanganya." Rangi nyeupe ya titani, inayotiwa kwenye peremende na ubani wa kutafuna, EFSA iliipitisha mwaka 2016. Mwaka 2021 ikasema haiwezi tena kuiita salama, kwa kuwa haikuweza kuondoa shaka kwamba inaharibu vinasaba, na Ulaya ikaipiga marufuku mwaka 2022. JECFA ilipoitazama mwaka 2023 haikuona sababu ya kubadili msimamo wake. Kati ya EFSA ya 2021 na JECFA, ushahidi ni uleule kwa sehemu kubwa. Tofauti ni uzito wa shaka. Rubani anayebadili neno kwa sababu ameshusha bildi upya ndiye wa kusafiri naye.

Na nasikia, hasa kutoka kwa wazee wetu, "Cha asili hakidhuru." Hili tunajua wenyewe kuwa si kweli. Bunju, yule samaki mwenye sumu, ni wa asili. Kasa ni wa asili, na Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Sumu ile haitoki kwa moto na haijulikani dawa yake. Mvuvi anayekwambia "huyu usimle" amerithi tathmini ya hatari iliyoandikwa kwa misiba, na ningependa kamati za wataalamu ziwaite watu kama yeye mezani.

Kwetu rubani yuko wapi?

Kenya ina mikono mingi kwenye chungu kimoja. KEBS huandaa viwango kupitia kamati ambamo hukaa wenye viwanda, wanavyuo, serikali na watetezi wa walaji, na KEBS hiyo hiyo hutoa alama ya ubora na hukagua. Maofisa wa afya ya umma wana lao, idara ya uvuvi ina lake, mkemia mkuu wa serikali ana lake, na Katiba ya 2010 ikaikabidhi kaunti leseni na udhibiti wa wanaouzia umma chakula. Kila mmoja ana watu wazuri, nimekutana nao. Lakini aliyekaa peke yake, asiyeuza, asiyetoa kibali na asiyepiga faini, kazi yake kusema tu "kina ni hiki", huyo huwezi kumwonyesha kwa kidole.

Ndiyo maana mwaka 2018, sukari ya magendo iliponaswa, waziri mmoja alisema ina zebaki na mwingine akasema haina. Wote walikuwa manahodha. Mwananchi akabaki na kikombe cha chai mkononi.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hiyo ujumbe wa sauti ukija tena, au waziri akizungumza, kuuliza si utovu wa adabu. Nani amepima? Amepima nini, kiasi gani kimeonekana, na mpaka wake ni upi? Sampuli ngapi, na nani amelipia? Karatasi iko wapi?

Jambo langu kwa kaunti ni dogo: ubao kwenye ukuta wa soko la samaki, uandikwe kila wiki aliyepima, samaki gani, wangapi, joto lao lilikuwa nyuzi ngapi na histamini ngapi. Nilimpelekea yule ami wazo hili, nikamkuta na jarife lake lile lile. Nikamuuliza, je, wakiandika kwamba samaki wake ni mbaya?

Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Waandike," akasema. "Lakini waandike na barafu ilifika saa ngapi."